Mungu aliniita, au yalikuwa matangazo tu? Jinsi nilivyogeuka "mutumia" wa kanisa hapa Kithimani

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Bongo na wa huku kwetu Kenya.

Mimi humu ni msomaji wa pembeni. Huwa nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeshindwa kuondoka, kwa sababu kuna jambo linanizunguka kichwani na nyumbani wamechoka kulisikia.

Haya ni ya kweli na yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, maana wahusika wote wako hai na wengine wana bando.

Mnisamehe Kiswahili, mimi ni wa bara. Halafu naandika nikiwa dukani, kwa hivyo nikikatika mjue kuna mteja.

Haya, twende.

Mimi ni Mkikuyu, nimezaliwa upande wa Thika, nimeolewa na nina watoto. Tulihamia Kithimani mwaka jana baada ya Pasaka. Kwa wasiopajua, ni mji wa soko huku Machakos, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa. Wenyeji ni Wakamba, wengi wao wakulima. Sisi wafanyabiashara tumetoka kila mahali. Mimi nauza mahindi, maharagwe, ndengu (choroko kwenu Bongo) na vitunguu.

Kikamba changu ni cha dukani. Najua salamu, najua bei, najua kusema hakuna kupunguza. Shida ya Kikamba na Kikuyu ni kwamba zinafanana. Unasikia neno unalolijua, unatabasamu, unajiona umeelewa kila kitu.

Hapo ndipo nilipoingia.

Lakini kwanza lazima niseme habari za mama yangu, la sivyo mtaona ni kiherehere tu.

Mama aliugua muda mrefu kabla hajatutoka. Kanisani kwao kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akija kumwona. Hakuwa na cheo chochote. Alikuwa anaingia, anavua viatu, anakaa naye pale kitandani, wanaongea mambo ya kuku na ya majirani, halafu anaomba maneno machache na kwenda zake. Mama alikuwa akimsubiri huyo mtu kuliko alivyotusubiri sisi watoto wake. Iliniuma, sitaficha.

Tangu tumzike mama nimekuwa mtu asiyetulia. Nikiwa kanisani nasikia kama kuna mtu amenigusa bega, nikigeuka ni ukuta. Nilimwambia mume wangu. Akasema huenda ni presha, niende nikapimwe.

Nilipimwa. Sina presha.

Sasa, kanisa letu hapa ni dogo, la mabati. Mchungaji ni Pasta Wafula, kijana mpole, Mluhya kutoka Magharibi, aliletwa huku juzi juzi. Kikamba hajui, Kikuyu hajui. Mwenyekiti wa wazee ni Mzee Kioko, mkulima, mtu wa heshima na wa sauti. Yeye ndiye hutoa matangazo baada ya ibada, na huwa anachanganya Kiswahili na Kikamba jinsi inavyomjia.

Jumapili moja alisimama akasema hivi:

"Wapendwa, mnajua Mzee Nzioka alipata stroke na sasa hawezi kutoka kwa nyumba. Yeye ndio alikuwa anaendea wagonjwa. Tunatafuta mutumia mmoja aingie hapo. Mwenye ako na moyo aone pasta."

Mutumia.

Wakuu, kwetu Kikuyu mutumia ni mwanamke. Ni mama wa watu, mke wa mtu. Atumia ni akina mama. Hakuna maana nyingine.

Nilihisi joto kutoka tumboni mpaka masikioni. Wanatafuta mwanamke wa kuwaendea wagonjwa! Nilimkumbuka yule mama wa kuvua viatu. Nikasema, kumbe huku kusumbuka kote kulikuwa na maana, kumbe nilikuwa naandaliwa. Machozi yalinitoka, na aliyekaa karibu nami akanipa kitambaa akidhani nimeguswa na mahubiri, ambayo kwa kweli siku hiyo yalikuwa ya kawaida tu.

Ibada ilipoisha nilimfuata pasta moja kwa moja.

"Pasta, nimesikia mnataka mutumia. Mimi niko tayari."

"Na unaelewa kazi yenyewe, mama?"

"Kuendea wagonjwa."

"Haleluya," akasema. "Nilikuwa naogopa tutakosa mtu."

Baadaye aliniambia alidhani mutumia ni jina la kazi, kama vile shemasi. Angalieni sasa. Mkamba ametangaza, Mkikuyu ameitika, Mluhya amepokea, na kila mmoja amerudi nyumbani akiwa na furaha.

Subirini, kuna mtu anataka ndengu.

Nimerudi.

Jumapili iliyofuata nilivaa vizuri, nikafunga kitambaa changu cheupe. Pasta Wafula alisimama mbele na chupa ya mafuta, akasema Bwana ni mwema, ametupatia mutumia wetu mpya, apite mbele tumwombee.

Niliona watu wakigeuza vichwa wakitafuta mzee. Walitazama upande wa wanaume. Kisha nikasimama mimi, mama wa vitunguu, nikaanza kutembea.

Akina mama wenzangu wa sokoni, wale tuliotoka pande za kwetu, walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitika. Wakamba walikaa kimya. Mimi nilidhani ni kimya cha unyenyekevu. Nilipiga magoti, pasta akanipaka mafuta kwenye paji la uso, akaomba maombi marefu ya nguvu, akaniweka wakfu kwa kazi ya mutumia mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Amina ya Mzee Kioko ilichelewa sana.

Baada ya ibada aliniita kando ya tanki la maji. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama Shiru, usiskie vibaya," akasema. "Sikukatai. Lakini kwa Kikamba mutumia ni mzee. Mzee mwanaume. Atumia ndio sisi wazee wa kanisa."

Nilimwangalia. Nikataka kucheka, nikashindwa. Nikataka ardhi ipasuke, nayo ikakataa.

"Kwani hakuna mtu angeniambia kabla ya mafuta?"

"Tulidhani pasta ako na sababu yake. Ni pasta." Akatazama chini. "Sasa mafuta imeshapakwa. Hatujui hiyo inatolewanga aje."

Nilifika nyumbani nikamweleza mume wangu. Baba Shiru si mtu mbaya, lakini mdomo wake hauna breki. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo.

"Sasa wewe uliitwa na Mungu, ama uliitwa na matangazo?"

Nilikwenda kuchambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Wakuu, hili si jambo dogo kwangu. Kama ule wito ulikuwa kosa la lugha, basi na lile bega lililoguswa lilikuwa nini? Na yale machozi? Nilikuwa nimepata mahali pa kuweka msiba wa mama yangu, na sasa naambiwa mahali penyewe ni pa watu wenye ndevu. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Mzee Kioko alikuwa amesema wazee watakaa waongee. Hakusema niache. Basi katikati ya wiki nilifunga duka mapema, nikaenda kwa Mzee Nzioka mwenyewe, yule aliyeugua. Nilijiambia naenda kumuuliza kazi inafanywaje. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama ikifanywa nitatulia.

Kwake ni ng'ambo ya mfereji wa kumwagilia mashamba, shamba la maembe na mahindi. Mke wake, Mama Mwende, alinikaribisha. Mzee alikuwa kwenye kitanda cha chini sebuleni, karibu na dirisha. Upande mmoja wa mwili hausogei, mdomo umeenda kando kidogo, lakini macho yake ni makali kama ya mwalimu wa zamani. Ndevu zilikuwa zimemjaa uso mzima.

"We ni nani?" akauliza. Anaongea polepole, lakini anasikika.

"Mimi ndiye mutumia mpya," nikasema.

Mama Mwende akajifunika mdomo.

Mzee alinitazama kuanzia kitambaa mpaka viatu. Kisha akauliza:

"Na ndevu umeacha wapi?"

"Nimeacha kwa nyumba, mzee. Kuna joto."

Alicheka kwa upande mmoja wa uso. Alicheka hadi mke wake akamfuta mate kwa leso. Baadaye mama huyo aliniambia mlangoni kwamba tangu augue alikuwa hajamsikia akicheka.

Nilivua viatu. Sikufikiria, vilinitoka tu. Nikavuta kigoda kidogo cha jikoni nikakaa karibu na kichwa chake, nikamwambia kosa lote lilivyotokea, tangu matangazo mpaka mafuta. Alisikiliza huku akitikisika.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Hawa watu wangu wanakuja kuniombea," akasema. "Wanasimama hapa. Wanasema amen, wanaenda. Unajua mimi naona nini nikiwa hapa chini? Naona mishipi. Ya Kioko ni kahawia, buckle imeharibika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na mimi nilikuwa naombea watu hivyo hivyo. Miaka yote. Nimesimama, kofia kwa mkono. Nilikuwa naonyesha watu mshipi."

Tuliongea mambo ya maembe na ya nzi wanaoyaharibu. Niliomba maneno machache, nimekaa.

Nilipokuwa naondoka aligusa kidevu chake kwa ule mkono unaofanya kazi. Akasema ndevu zinamwasha, mke wake mkono unatetemeka, na kinyozi wa sokoni hafiki huko. Wazee wenzake aliona haya kuwauliza.

Nikasema nitarudi na wembe.

Najua kuna watu humu wameshaanza kuandika "unanyoaje mume wa mtu?" Tulieni. Mke wake ndiye aliyeshika beseni. Mama yangu nilimnyoa nywele alipokuwa mgonjwa, mkono wangu unajua. Nilipaka povu la sabuni, nikanyoa polepole, nikizunguka ule upande uliolegea ambao hausikii wembe. Alifumba macho. Tulipomaliza Mama Mwende alimletea kioo, akajitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa hata mimi sina ndevu. Tumekuwa sawa."

Nilirudi dukani nikiwa mwepesi. Nililala kama mtoto.

Haikudumu.

Habari ilifika sokoni kabla sijafungua duka kesho yake, na ilikuwa imeongezwa chumvi njiani. Mutumia wa Kikuyu anashika wazee uso. Mutumia wa Kikuyu amemfanya mzee awe kama kijana. Kwenye group ya kanisa mtu alituma emoji ya wembe. Nilijua ni nani na mpaka sasa simuuzii vitunguu vizuri.

Wazee walikaa. Pasta Wafula alikuja dukani kuniambia, akijikuna shingo.

"Mama, wazee wanasema upumzike kidogo. Tutafute njia."

Upumzike. Wakuu, kuna maneno yana adabu lakini yanakuchinja. Nilimuuliza kama lile ombi alilonifanyia limefutwa. Akasema hajawahi kufundishwa jinsi ya kufuta ombi, na kwamba yeye binafsi hataki kujaribu. Nilimhurumia. Alikuwa kati ya mawe mawili, kijana wa watu, tena mbali na kwao.

Mzee mwingine alipewa kazi, mutumia wa ukweli, mwenye ndevu zake. Ni mtu mzuri. Simsemi vibaya.

Lakini mimi niliharibika. Nilikuwa nawapimia watu maharagwe kabla hawajaniambia wanataka kiasi gani. Nilikuwa nafungua group, naifunga, naifungua. Nikisali nasikia sauti ya Baba Shiru: Mungu, ama matangazo? Kuna wakati niliamini kabisa kwamba nilijiita mwenyewe, kwamba mwanamke mpweke aliyemkosa mama yake anaweza kusikia wito hata kwenye tangazo la ng'ombe aliyepotea. Kuna wakati nilimkasirikia Mungu kwa kutumia lugha mbili zinazofanana wakati anajua vizuri sisi ni watu wa haraka.

Nilifikiria kuhama kanisa. Nilishamtajia mume wangu. Safari hii hakucheka.

Sasa nifike kwa Jumapili iliyopita, maana ndiyo imenifanya niandike.

Huwa tuna muda wa mahitaji. Mtu anasimama, anasema shida yake, tunaomba. Mama Mwende huwa hasimami. Ni mtu wa kukaa nyuma na kutoka kabla ya salamu. Jumapili iliyopita alisimama, leso mabegani, akaongea kwa sauti ndogo mpaka watoto wakanyamazishwa.

"Mzee anaomba atumiwe mutumia," akasema.

Mzee Kioko aligeuka kwenye kiti chake. "Si tulituma, mama? Si alikuja juzi?"

"Alikuja. Alisimama, akaomba, akaenda. Tunashukuru."

"Sasa?"

Mama Mwende alivuta leso yake. Nilimwona akitafuta maneno, na nilijua hayo maneno si yake, ametumwa nayo na amekatazwa kuyabadilisha.

"Anasema huyo alikuwa mutumia wa Kikamba. Yeye anataka mutumia wa Kikuyu."

Kanisa lilicheka. Lilicheka lote, Wakamba na sisi wengine, kicheko cha watu waliokuwa wamekizuia tangu ile siku ya mafuta. Hata pasta aliinamisha kichwa ili asionekane. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Mama Mwende.

Kicheko kilipoisha hakuna aliyejua la kufanya. Pasta alimtazama Mzee Kioko. Mzee Kioko alikuwa anatazama mshipi wake. Akaushika, akairekebisha ile buckle, kama mtu aliyeambiwa kitu nyumbani kwa rafiki yake na bado kinamsumbua.

"Basi asikie mwenye ameitwa," akasema mwishowe, na akaendelea na matangazo ya mbegu za mahindi.

Hiyo ndiyo baraka niliyopewa. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna cheo kilichotolewa, hakuna mafuta mengine. Nilipotoka nje Mzee Kioko alikuwa kando ya tanki. Aliniuliza kama nitaenda leo. Nikasema ndiyo. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama kwa Nzioka kuna vigoda viwili.

Nikamwambia kipo kimoja, lakini naweza kukaa kitandani.

Tulienda pamoja. Mzee Kioko alihangaika na kile kigoda, magoti yake si ya vigoda, lakini alikaa. Mzee Nzioka alimwona uso. Walitazamana hivyo, watu wawili waliojuana tangu shule, na nikaona ni vyema niende jikoni nikamsaidie Mama Mwende kupasha maji ya kunyolea.

Sasa mtaniuliza, umetulia?

Sijatulia. Nilidhani ningetulia lakini bado. Kila matangazo yakianza natega masikio kwa hofu. Sijui wazee wataamua nini mwishowe, na sijui kama nikipewa hicho cheo nitakitaka. Kuna wanawake pia walioniambia nimewaaibisha kwa kukubali kufanya kazi bila jina. Labda wako sawa. Nawaza hata hilo.

Nilichojifunza ni hiki tu. Mara ya kwanza niliitwa na mtu aliyekuwa anamaanisha mtu mwingine kabisa. Nikakimbia kuitika, nikapakwa mafuta, nikaaibika. Siwezi kuapa kwamba hapo alikuwa Mungu. Lakini mara ya pili niliitwa na mzee aliyelala kitandani, anayezijua maana zote mbili za lile neno, na akachagua yangu.

Nimemwambia Baba Shiru hivyo. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akaniambia ule wembe wa kumnyolea mzee umeisha makali, ninunue mwingine.

Basi, wakuu. Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa nyinyi mnaotumika makanisani, na hata msioenda. Kuna yeyote aliyewahi kuitikia jina lisilo lake akakuta kazi ni yake? Ulifanyaje ili utulie? Na Wakamba mlio humu, tafadhali, kama kuna neno lingine la kwenu linalofanana na la kwetu, niambieni mapema.

Natoka kidogo. Kuna mteja, na leo ni siku ya kwenda ng'ambo ya mfereji.